Kadiri Ameshindwa, Mama Nimwambieje?

Mpendwa Somo,

Nisaidie, na ukiweza unijibu upesi, kwa sababu jambo langu lina mwisho wake Jumamosi ya wiki ijayo na sijui siku hiyo nitasimamaje mbele ya mama yangu. Tafadhali usinicheke. Ukisikia kwamba limeanzia kwenye mchezo wa redio utasema huyu mwanamke hana kazi ya kufanya, lakini mimi nimelia hadi majirani wanadhani naumwa macho.

Naitwa Kulthum, nakaa Ziwa la Ng'ombe na mama yangu, Bi Tumu, ambaye huku watu wote wanamwita Mwalimu kwa sababu amesomesha watoto wa kike Kurani katika ukumbi wa nyumba yetu tangu sijazaliwa, na wale aliowasomesha wameolewa wakamletea binti zao awasomeshe pia. Mume wangu alifariki nikarudi nyumbani, na ni heri nilirudi, maana mama sasa ni mgonjwa wa moyo, miguu imemvimba, hawezi kulala chali, tunamwegemeza kwa mito mchana na usiku, na daktari alinivuta kando akaniambia nijitayarishe na nijihadhari nisimpe habari za kumshtua. Tumezaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu Abdillahi, na huyu Abdillahi ndiye kidonda chetu.

Abdillahi anafanya kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege, anakaa Changamwe, na huko ndiko alikompata mkewe Jerioth, msichana wa bara, akamwoa ofisini kwa DC bila kumwambia mama hata neno moja. Mimi najua aliogopa. Alidhani atamwambia baadaye polepole, lakini Mombasa si mji wa kuficha kitu, na mama alikuwa harusini Kisauni, tonge la biriani liko mkononi, mwanamke mmoja akamwambia mbele za watu, "Mwalimu, hongera, nawe wapata mkwe." Mama alilirudisha lile tonge sahanini. Tulipofika nyumbani akavua buibui lake, akaketi, akasema, "Harusi ya mwanangu naambiwa kwenye harusi ya watu," kisha akaapa, "Wallahi, wabillahi, watallahi, Abdillahi haingii nyumba hini, na siku n'takapokufa asishuke kaburini mwangu."

Somo, wewe ni mtu wa kwetu, unajua maneno haya uzito wake. Kwetu mama akifa mwanawe wa kiume ndiye anayeshuka kaburini kumpokea na kumlaza, na mama hana mtoto wa kiume mwingine. Sisi wanawake hatuendi makaburini, mimi nitabaki nyumbani na wanaolia, na huko atashuka mjomba wangu Hamdun ambaye mgongo wake hata ndoo ya maji hauinui, na kaka yangu atasimama mbali kama mpita njia aliyesikia msiba akajiunga. Wazee wametumwa kwa mama, shangazi zetu wametumwa, imamu ametumwa, na wote amewapikia chai, amewasikiliza, amewaambia kiapo kimeshatoka. Tangu hapo Abdillahi na Jerioth wamepata mtoto wa kike na wamempa jina la Tumu, na Tumu mkubwa hajamshika Tumu mdogo hata siku moja.

Sasa nije kwenye redio. Mama anaupenda mchezo wa "Ukuta wa Kati", huo wa kila Jumatano, na katika mchezo huo, kama unavyojua, kuna kijana anaitwa Kadiri aliyetoroka nyumbani akaoa mbali akarudi na mkewe, na kila wiki anabisha mlango wa mamake na mamake anakataa kumfungulia. Somo, mama yangu humlilia Kadiri machozi ya kweli! Huinuka kwenye mito akamgombeza yule mama wa redioni, "Mfungulie, mwanamke wee, si mwanao huyo? Una moyo gani?" Na mimi nimekaa pale nachambua mchele, nautazama mlango wetu wenyewe. Niliwahi kujaribu mara moja, nikamwambia, mama, mbona na wewe, akanikata, akasema, "Kadiri alikuja mwenyewe. Wangu alituma watu."

Ndipo gazeti lenu likaja na shindano. Mkachapisha picha za kuchora za wahusika wa ule mchezo, mkawapanga wawili wawili, wasomaji wapige kura kwa postikadi, anayepata kura chache atoke na anayeshinda asonge mbele hadi abaki mmoja wa kuitwa Mpendwa wa Wasikilizaji. Sijui kama huko Nairobi mnajua mlichotufanyia. Kinyozi wetu wa stendi alibandika picha ya Sajini Kobole, yule polisi mchekeshaji, akawa hamnyoi mtu mpaka aseme yuko upande gani, na wa Kadiri wanawekwa nyuma. Wanaume wazima waligombana kwenye ngazi za msikiti, swala haijapoa midomoni. Na mama yangu, mgonjwa wa kuegemezwa, alifufuka. Ujanani alicheza lelemama, na chama chao kilikuwa na ushindani mkali na chama cha Likoni, ngoma kwa ngoma, nguo kwa nguo, na mwenyewe husimulia kwamba hawakuwahi kulala kabla ya chama chao kushinda. Damu ile ikarudi. Akawaita wanafunzi wake wote, wa sasa na wa zamani, wake za watu na watoto wao, wakajaa ukumbini, nikatumwa kununua postikadi, na wote wakaandika kura kwa Kadiri.

Lakini waliandika kwa herufi za Kiarabu, Somo. Ndio mwandiko mama aliofundishwa na babake na ndio aliowafundisha wao, Kiswahili chetu hiki hiki kwa herufi za Kurani, na kila mmoja aliandika kwa uzuri wake, wengine wakatia na maua pembeni. Nilimwambia mama, huko Nairobi hawataweza kuusoma, niache niandike upya kwa herufi za skuli. Alinitazama kama nimemtukana. "Hausomeki na nani? Babangu akiwaandikia barua watu wa Lamu kwa mwandiko huu, na majibu yakija." Basi nikaandika anwani tu kwa herufi za Kizungu, nikazipeleka posta, na nilijua moyoni kwamba nazipeleka kupotea.

Kadiri alikuwa amepita raundi ya kwanza kwa kuwa alipangwa na mhusika ambaye hakuna anayemjali. Raundi ya pili, ambayo ndiyo tuliyoipelekea zile kadi, akapangwa na Sajini Kobole, akatolewa kwa kura chache sana, na chini ya matokeo mkaandika kwa maandishi madogo kwamba kadi nyingi kutoka Pwani zimewekwa kando kwa kuwa wahesabuji hawakuweza kusoma kilichoandikwa. Nilisoma maneno hayo nimesimama dukani, nikalikunja gazeti, nikatembea nyumbani nikiwa na hasira na nyinyi, na mama, na nafsi yangu. Mama alikuwa ametoka kliniki siku hiyo, amechoka, midomo imekauka. Akaniita.

"Kulthum."

"Abee, mama."

"Kadiri yuwaje? Wamemshinda?"

Nilimwona anavyonitazama. Nikasema, "Ameshinda, mama. Amemtoa Sajini."

Laiti ungemwona uso wake. Alicheka, akashika kifua, akakohoa, akacheka tena. Halafu akasema, "Haya, nisikiza. Naweka nadhiri. Kadiri akishinda mpaka mwisho, watu wa nchi nzima wakisema huyu asamehewe, basi mimi ni nani? N'takivua kiapo changu. N'tamwita Abdillahi."

Hapo ndipo nilipoingia shimoni. Ningemwambia ukweli palepale angeghadhibika, lakini yangeishia hapo. Badala yake niliona huu ni mlango ambao tumekosa kuupata kwa wazee na shangazi na imamu, na sasa umefunguliwa na uongo wangu mmoja, kwa hiyo nikaongeza wa pili. Raundi iliyofuata nikamwambia Kadiri amemshinda Dokta Bandia. Wanafunzi nimewaomba wakae kimya, na nashukuru mama hata hakunituma tena kununua kadi za raundi za mbele, nadhani aliona zile za kwanza zinatosha, ikawa nafuu kwangu maana ningezipeleka wapi. Jirani yetu Mwanasaumu anajua kila kitu, na kila tukikutana bombani ananiambia ninacheza na kaburi la mtu.

Sasa fainali ni Jumamosi hiyo, Sajini Kobole na Bi Chonjo, na Kadiri wetu hayumo. Mama anaisubiri. Amenituma nimtolee shuka mpya kwenye sanduku na udi, na hajaniambia ni za nini.

Bado kuna jambo baya zaidi. Nilikwenda Changamwe nikamwambia Abdillahi ajitayarishe, huenda Jumamosi akaitwa. Nilimkuta amekaa mlangoni na mtoto magotini, gazeti liko kando yake. Kumbe na yeye alikuwa akilifuata shindano, na alimpigia Kadiri kura, yeye na Jerioth. Akaniambia, "Kulthum, Kadiri wamemtoa. Kenya nzima wamesoma habari ya kijana kama mimi wakasema hapana, bora polisi wa kuchekesha. Niende nikafanye nini?" Nikamwambia huo ni mchezo, akasema, "Najua ni mchezo. Lakini kura si mchezo, kura ni watu." Jerioth alikuwa ndani anasikia, akatoka akamchukua mtoto akarudi naye ndani. Nikarudi zangu.

Basi niambie, Somo. Nikisema Jumamosi Kadiri ameshinda, mama atamsamehe mwanawe juu ya nadhiri ya uongo, na akija kujua, na hapa kwetu mtu hakosi kujua, si atakufa na ghadhabu kwetu sote wawili? Nikisema ameshindwa, kiapo kinabaki pale pale na sidhani ana muda wa kutafuta sababu nyingine. Na nikikaa kimya itakuwaje akija kuondoka hivi hivi? Mimi nilitaka tu mtu wa kumlaza mama yangu awe mwanawe. Naomba uniongoze, na uniombee.

Ni mimi,
Kulthum
Ziwa la Ng'ombe

SOMO ANAJIBU

Kulthum mwanangu, pole. Pole kwa ugonjwa wa mama na pole kwa kubeba nyumba nzima kichwani peke yako. Barua yako niliisoma mara mbili nikaiweka chini nikaenda kunywa maji. Jibu hili namkabidhi mwenzetu wa ofisi ya Mombasa akuletee kwa mkono, maana gazeti litakufikia Jumamosi yenyewe na hiyo ni kuchelewa. Hapa nalichapisha kwa ajili ya nyumba nyingine, kwa kuwa najua nyumba kama yenu ziko nyingi kuanzia Likoni mpaka Mtwapa.

Kwanza nikutolee la kwetu. Baada ya kusoma barua yako nilishuka hadi kwa wanaohesabu kura nikawauliza habari za kadi za Pwani. Kijana mmoja akaniambia alidhani ni watoto wamechorachora. Nilishikwa na aibu nikashindwa hata kumgombeza, kwani nyanya yangu mimi hakuwa na mwandiko mwingine. Nimewaambia siku nyingine watafute mtu wa kuwasomea, wameitikia, lakini shindano halitarudiwa na Kadiri hatarudi. Mpe mama salamu zangu na umwambie kosa lilikuwa letu. Wanafunzi wake waliandika vizuri.

Sasa wewe. Umefanya ujinga, na unajua umefanya ujinga. Uongo wa kwanza nakusamehe, mtu akimwona mamake amekauka midomo husema lolote. Huo wa pili ulikuwa na muda wa kuufikiria. Ulikwenda kuomba watoto wa watu wakufichie, ukamshirikisha jirani, ukaenda Changamwe kumtia ndugu yako tumaini ambalo ulilijua halina miguu. Ulidhani radhi ya mama inaweza kuibwa kwa ujanja kama mtoto aibavyo sukari. Haiibiki. Ukiipata namna hiyo hutaweza kuifurahia, na kaka yako akiingia nyumba ile kwa ushindi wa Kadiri ataishi maisha yake yote akimshukuru mtu asiyekuwepo.

Lakini kuna jambo umeniandikia bila wewe mwenyewe kulitazama. Umesema tangu ile raundi ya pili mama hakukutuma tena kununua kadi. Kulthum! Mwanamke aliyecheza lelemama, ambaye hakulala mpaka chama chao kishinde, aliyejaza ukumbi wanawake kwa raundi moja, huyo huyo chama chake kimeingia fainali na yeye ameketi kwenye mito hapigi kelele, haiti mtu, hatafuti hata kadi moja? Mimi simjui Bi Tumu, lakini wanawake wa aina yake nawajua. Nao wanafunzi wake unaosema umewafunga midomo, ana wangapi? Mmoja tu akimwambia inatosha, na mtoto akiulizwa jambo na mwalimu wake atasema kweli.

Mama yako anajua. Nadhani amejua siku nyingi. Aliweka nadhiri kwa kukuamini, kisha akaambiwa Kadiri ametoka, na hakukuumbua. Jiulize kwa nini. Mtu mwenye nia ya kushika kiapo chake angesema siku ile ile, nadhiri imeanguka, basi, tusizungumze tena. Yeye amekaa na uongo wako akaufunika na shuka mpya. Kiapo kile kimemchosha, mwanangu, na hajui jinsi ya kukivua mbele ya wazee na shangazi na imamu aliowarudisha mikono mitupu. Anatafuta pa kupitia bila kuinamisha kichwa, nawe ukamletea Kadiri, akakubali kupita hapo. Mnadanganyana nyote wawili, kila mmoja kwa kumhurumia mwenziwe, na muda unakwenda.

Huenda nimekosea. Mimi niko Nairobi na wewe uko kitandani pake. Lakini hata kama nimekosea, la kufanya ni lile lile, kwa hiyo nisikilize.

Usiingoje Jumamosi. Jibu hili likikufikia, ingia chumbani, mpe mama maji, keti chini miguuni pake umwambie, "Mama, Kadiri alishindwa tangu zamani, nilikudanganya, nisamehe." Usiongeze sababu. Usilie kabla yake. Daktari amekukataza habari za kumshtua, na mimi nakwambia hii haitamshtua, lakini mwite Mwanasaumu akae karibu, naye kwa siku hiyo moja aufunge mdomo wake. Akighadhibika, mwache aghadhibike, umestahili.

Halafu umwambie jambo ambalo nashangaa wazee wote waliokunywa chai yake hawakumwambia, au walimwambia akajifanya hakusikia. Kiapo kina kafara. Mtu akiapa kisha akaona heri iko upande mwingine, anaifuata heri na anatoa kafara ya kiapo chake. Muulizeni imamu wenu namna yake, lakini hata mimi nisiye shehe najua ni kuwalisha maskini kumi. Mama yako amesomesha Kurani miaka yote hiyo, analijua hili kuliko mimi na wewe. Hakukosa elimu. Alikosa mtu wa kumwomba. Wewe pika. Pika chakula kizuri, uwalishe hao maskini kwa idhini yake na kwa jina lake, na usiniambie huna sufuria kubwa, watu wa Ziwa la Ng'ombe hawakosi sufuria.

Na sasa naongea na Abdillahi, na wewe umsomee barua hii hadi mwisho hata akiinuka kutaka kuondoka.

Abdillahi, wewe ni mwoga. Ulioa kwa woga, ukaficha kwa woga, ukatuma wazee na shangazi na imamu badala ya miguu yako, na leo umepata gazeti la kujifichia. Mama yako amekwambia kosa lako wazi kabisa, amemwambia dada yako, dada yako ameliandika kwenye barua akalipita: "Kadiri alikuja mwenyewe. Wangu alituma watu." Hakusema aliudhika na Jerioth. Hakusema aliudhika na bara wala ofisi ya DC. Umemwacha mwanamke mgonjwa amlilie kijana wa redioni kwa sababu wa kwake haji. Kutoka Changamwe hadi Ziwa la Ng'ombe si safari ya kuaga watu.

Utaniambia umekatazwa kuingia. Sawa, usiingie. Simama mlangoni. Piga hodi kwa sauti yako mwenyewe aisikie, na asipoitikia kaa barazani mpaka aitikie, na ukilala hapo, lala. Mchukue Jerioth, usimwache nyuma kama mzigo wa aibu, mkeo ni huyo na kama ataonekana aonekane. Mchukue na mtoto. Usimwambie mama neno lolote ulilolisikia redioni, watu hutungiwa maneno yale na kulipwa. Sema shikamoo. Sema, "Mama, ni mimi Abdillahi, nimekosa." Kisha ungoje.

Siwezi kukuahidi kwamba atafungua. Huenda ukafika ukakuta amechoka kuzungumza, au umechelewa kabisa, na ikiwa umechelewa nenda kwa mjomba wako Hamdun kabla ya maiti kutoka, mbele ya imamu, uombe nafasi yako kwa unyenyekevu kama mtoto wa nyumba. Hilo mimi siwezi kulikata nikiwa huku, wao ndio watakaolikata. Lakini ukienda leo huenda usihitaji kumwomba mtu mwingine yeyote isipokuwa mwenyewe.

Na hayo maneno yako kwamba Kenya nzima imekukataa, yatoe kichwani. Waliopiga kura walikuwa wakimpigia polisi wa kuchekesha, watu wanapenda kucheka, basi. Hakuna hata mmoja kati yao anayekujua wewe. Mwenye kura yako ni mmoja tu, ameegemezwa kwa mito kule Ziwa la Ng'ombe, ameshatolewa shuka mpya na udi, na tangu siku ile ya harusi wewe mwenyewe hujawahi kumuuliza.

Nenda ukamuulize.

Somo